Usalama wa Mgonjwa katika Hospitali za Kisiwa cha Mombasa: Historia ya Cheo, Lawama na Kusema Kweli

Utamaduni wa usalama wa mgonjwa ni mazoea ambayo wahudumu wa hospitali huyafuata pindi jambo linapokwenda kombo au linapokaribia kwenda kombo: nani huambiwa, nani hunyamaza, nani hulaumiwa, na kipi hubadilishwa ili kosa lisirudiwe. Sehemu kubwa ya mazoea hayo haimo katika kanuni yoyote. Mhudumu mgeni huyaokota wodini kwa kuwatazama waliomtangulia, naye huwarithisha watakaomfuata. Ndiyo sababu hospitali mbili zenye vifaa sawa na mwongozo mmoja zaweza kuachana mbali: katika moja nesi wa zamu humzuia daktari anayekaribia kutoa dozi isiyo sahihi, na katika nyingine hutazama chini akanyamaza.

Katika kisiwa cha Mombasa mazoea haya yamejengeka kwa zaidi ya karne moja. Yalipita katika mikono ya wakunga wa Mji wa Kale, wodi zilizotenganisha watu kwa rangi, mabweni ya kufunza manesi, uhaba wa baada ya uhuru, Ukimwi, na siku za kufungwa kwa Mji wa Kale mwaka 2020. Namna mhudumu wa leo anavyouona usalama mahali pake pa kazi haieleweki vyema bila safari hiyo.

Kabla ya hospitali

Katika mitaa kama Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, uzazi na maradhi yalikuwa mambo ya nyumbani. Mkunga aliitwa saa yoyote. Alimzalisha mama, akakata kitovu cha mtoto, akamkanda mzazi na kumwangalia hadi arubaini itimie. Ujuzi wake aliupata kwa mama yake, shangazi au jamaa mwingine wa kike, kwa kukaa naye miaka mingi na kuona. Maradhi mengine yalipelekwa kwa mganga wa mitishamba, au kwa mwalimu aliyeandika kombe na kusoma dua.

Utaratibu huu ulikuwa na uwajibikaji wake. Mkunga alifanya kazi mbele ya wanawake wazima wa nyumba ile, waliojua uzazi na walioweza kusema. Ukoo wake ulijulikana, na sifa yake ilitembea mtaani kwa wema na kwa ubaya. Aliyekosea kwa uzembe hakuitwa tena. Hata hivyo, uwezo wenyewe ulikuwa na mpaka. Mama aliyevuja damu nyingi au aliyeshindwa kujifungua kwa sababu mtoto amelala vibaya hakuwa na msaada mkubwa, na msiba ulipokelewa kama kadari. Wageni nao hawakuwa na dawa bora zaidi: mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga.

Hospitali za rangi na ngazi ya vyeo

Hospitali zilikuja na utawala wa Waingereza. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1888, na Mombasa Hospital ya leo inahesabu mwanzo wake kuanzia 1891. Himaya ya Uingereza ilitangazwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ukaanza, ukaleta maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi waliohitaji matibabu. Kadiri mji ulivyokua, tiba iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na hospitali yao, ambayo baadaye ilibeba jina la Katherine Bibby. Waafrika na wenyeji wengine walipelekwa katika hospitali ya serikali ya wenyeji iliyokuwa Makadara, kandokando ya Mji wa Kale. Jina hilo lilikita hata hospitali ilipohamishiwa upande wa Tononoka: wazee wengi wa Mombasa bado huiita hospitali kuu ya Pwani "Makadara".

Ndani ya hospitali hizo ngazi ya vyeo ilifuata rangi hiyohiyo. Juu kabisa alikaa daktari Mzungu. Chini yake walikuwa matabibu wasaidizi kutoka Bara Hindi, na chini yao madresa wa Kiafrika waliosafisha vidonda, wakagawa dawa, wakafunga bendeji na kukesha na wagonjwa. Lugha nayo iliwatenga: amri na kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa na dresa walizungumza Kiswahili. Mtu aliyekaa na mgonjwa muda mrefu zaidi, aliyeona homa ikipanda au kidonda kikibadilika, ndiye aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote.

Katika mfumo wa namna hiyo kosa lina njia mbili tu. Laweza kupanda ngazi kama mashtaka dhidi ya mtu wa chini, naye akatozwa faini au kufukuzwa. Au laweza kufichwa baina ya wenzake. Njia ya tatu, ya kulieleza kosa ili kazi irekebishwe, haikuwa na pa kupitia. Hapa ndipo pana mzizi wa tatizo ambalo wahudumu wengi wa hospitali za umma wamelirithi: kuripoti kosa huonekana kama kumshtaki mwenzako, au kujishtaki mwenyewe.

Uhusiano wa hospitali na mji nao ulijengwa kwa amri. Tauni ilipoingia Mombasa mnamo 1912 na 1913, maofisa wa afya walikuja na ukaguzi wa nyumba, ufukizaji na karantini. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kukagua hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza katika ripoti yake mitaa itenganishwe kwa rangi kama hatua ya kiafya. Kwa wakazi wengi usalama wa afya ulikuwa jambo wanalofanyiwa, si jambo wanaloshiriki. Hofu iliyotokana na amri hizo ilibaki hata pale dawa zilipokuwa nzuri.

Wakunga wapya wa Lady Grigg

Mabadiliko makubwa yalianzia kwenye uzazi. Mwaka 1926 Lady Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, alianzisha jumuiya ya ustawi wa akina mama na watoto, na nyumba za uzazi zenye jina lake zikafunguliwa Nairobi na Mombasa. Ya Mombasa ilifunza wakunga, wakiwamo wasichana wa Kiswahili na Kiarabu. Baadaye ikawa sehemu ya hospitali kuu ya serikali, na kwa vizazi vingi wazazi wa kisiwani walisema wanakwenda kujifungua "Lady Grigg".

Wanawake wengi wa Mji wa Kale walisita mwanzoni, kwa sababu za stara na kwa kuogopa kutazamwa na wanaume. Mkunga aliyefunzwa, aliyezungumza Kiswahili na kujua heshima za nyumba, ndiye aliyepunguza hofu hiyo. Alileta pia jambo jipya la msingi: usafi wa mikono na vyombo kama wajibu wa kazi. Ulaya yenyewe ilikuwa imelijua somo hilo si zamani sana, tangu Ignaz Semmelweis alipoonyesha huko Vienna mwaka 1847 kwamba homa ya uzazi ilibebwa na mikono ya madaktari.

Mafunzo ya ukunga na unesi yaliweka nidhamu kali. Metroni alikagua kucha, sare, shuka na chati. Nidhamu hiyo iliokoa maisha, kwa kuwa iliufanya usafi kuwa mazoea. Lakini ilifundisha pia kwamba mkubwa hasahihishwi. Mwanafunzi wa unesi alijifunza kusimama daktari anapoingia wodini na kujibu anapoulizwa. Sifa hizo mbili, uangalifu wa kazi na utii wa cheo, zilipandwa pamoja, na hadi leo si rahisi kuzitenganisha.

Miaka ya 1940 ilileta hospitali za jumuiya. Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa mwaka 1944, na muda mfupi baadaye ikafuata ile ya kumbukumbu ya J. B. Pandya, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Mombasa. Zikajenga desturi nyingine: hospitali inayowajibika kwa bodi yake na kwa wagonjwa wanaolipa, ambao huenda kwingine wasiporidhika. Tangu hapo wahudumu wa kisiwani wamefanya kazi chini ya mifumo miwili ya uwajibikaji, na si wachache waliohudumu katika yote miwili.

Uhuru, umati na uhaba

Uhuru wa 1963 uliondoa ubaguzi wa rangi milangoni, na mwaka 1965 serikali ikafuta ada ya wagonjwa wa nje katika vituo vya umma. Watu waliofungiwa nje kwa miongo mingi wakaja. Hospitali Kuu ya Mkoa wa Pwani ilipokea rufaa kutoka Lamu hadi Taita, kutoka Tana hadi Kwale. Chuo cha mafunzo ya tiba, kilichoanzia Nairobi mwaka 1927, kilikuwa na tawi Mombasa, na shule ya udaktari ya Nairobi, iliyoanza 1967, ilianza kutoa madaktari wazalendo. Ngazi ya rangi ikavunjika. Ngazi ya cheo ikabaki, sasa ikikaliwa na Wakenya wenyewe.

Idadi ya wahudumu haikwenda sambamba na idadi ya wagonjwa. Nesi mmoja aliyehudumia wodi nzima usiku alilazimika kuchagua: nani apewe dawa kwanza, nani apimwe presha, nani asubiri. Mpango wa kuchangia gharama, ulioanza Desemba 1989, uliongeza uchungu mwingine, kwani mgonjwa alitumwa kununua glavu, sindano au dawa nje, na mhudumu akabaki akimsubiri. Wahudumu walijifunza ufundi wa kumudu: kutumia kilichopo na kuziba pengo kwa jitihada. Ufundi huo una heshima yake, kwa maana uliwabeba wagonjwa wengi. Hatari yake ni kwamba huyafanya mapungufu yaonekane ya kawaida. Kasoro iliyozoeleka haitajwi tena kama kasoro.

Siku za maafa zilionyesha upande mwingine. Kivuko cha Mtongwe kilipozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu zaidi ya 270, na hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa tarehe 28 Novemba 2002, mzigo uliangukia hospitali za Mombasa. Nyakati kama hizo ushirikiano wa watu wa zamu moja ndio mtaji mkuu wa hospitali. Madodoso yanayowauliza wahudumu kuhusu usalama kazini hupata picha hiyohiyo hata siku za kawaida: wahudumu wa nchi nyingi husifu umoja wa kitengo chao kuliko jambo lingine lolote kazini.

Somo la sindano

Ukimwi, uliothibitishwa Kenya mwaka 1984 na kutangazwa janga la taifa Novemba 1999, ulibadilisha fikra za usalama kwa namna ambayo miongozo peke yake haikuweza. Kwa mara ya kwanza kila mhudumu, awe daktari wa upasuaji au msafishaji wa wodi, aliiona hatari ya mgonjwa na hatari yake mwenyewe katika chombo kimoja. Sindano iliyotumika ilihitaji kisanduku chake. Damu ya kuongezwa ilihitaji kupimwa. Aliyechomwa kwa bahati mbaya alihitaji kusema mara moja ili apewe dawa za kinga, na kunyamaza kukawa hatari kwa mnyamazaji. Mombasa, mji wa bandari ulioguswa mapema na janga hili, ulikuwa na kliniki za utafiti eneo la Ganjoni tangu miaka ya 1990, na hospitali yake kuu ilikuwa miongoni mwa za kwanza za serikali kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi mapema miaka ya 2000.

Somo hilo lilikaa. Utafiti wa Benki ya Dunia na Wizara ya Afya, uliochapishwa mwaka 2017, uliangalia kazi halisi katika vituo vya afya vya kaunti za Kakamega, Meru na Kilifi, jirani wa Mombasa. Kanuni za usalama wa sindano na utoaji wa damu ya vipimo zilifuatwa kwa asilimia 87. Za usafi wa mikono zilifuatwa kwa asilimia 2.3 tu. Mhudumu ni yuleyule na siku ni ileile. Sindano ilikuwa imeingia katika hofu na mazoea ya kazi, ilhali mikono ilikuwa imebaki katika mabango ya ukutani.

Fikra mpya ya usalama

Dhana ya utamaduni wa usalama haikuzaliwa hospitalini. Ilienea baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986, wachunguzi walipoona kwamba mazoea ya kazi na uongozi yalichangia sawa na hitilafu za mtambo. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilichapisha ripoti iliyosisitiza kwamba makosa mengi ya hospitali hutokana na mifumo mibovu zaidi kuliko watu wabaya. Shirika la Afya Duniani lilianzisha muungano wa usalama wa wagonjwa mwaka 2004. Mwaka huohuo Marekani ilitoa dodoso la kuwauliza wahudumu wenyewe wanauonaje usalama kazini, lenye maswali 42 katika nyanja 12, zikiwamo ushirikiano, idadi ya wafanyakazi, makabidhiano ya zamu, uwazi wa mawasiliano, msimamo wa uongozi, na jinsi kosa linavyopokelewa.

Afrika Mashariki ilishiriki mapema. Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vya wagonjwa wa upasuaji katika hospitali hizo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo huwataka watu wote walio chumba cha upasuaji wajitaje kwa jina na kazi kabla ya kisu kugusa ngozi, na kumthibitisha mgonjwa pamoja na mahali pa kupasuliwa. Aliyekwisha kusikika mara moja huwa mwepesi kusema mara ya pili.

Kenya pia ilikuwa miongoni mwa nchi nane za Afrika na Mashariki ya Kati zilizofanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Katika majalada 15,548 ya wagonjwa, asilimia 8.2 yalikuwa na madhara yaliyotokana na matibabu, na asilimia 83 ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Serikali ilikuwa tayari na mfumo wake wa ubora tangu 2001, uliopanuliwa baadaye na kuingiza mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi iitwayo 5S, iliyopita Sri Lanka na kujaribiwa pia Mbeya, Tanzania, na Tororo, Uganda. Ndani yake mna kamati za ubora, mpangilio wa wodi na rafu za dawa, na vikao vya kuchunguza vifo vya uzazi.

Wahudumu wanaona nini

Dodoso la usalama limetumika katika nchi nyingi, na picha yake hujirudia. Wahudumu hutoa alama za juu kwa ushirikiano ndani ya kitengo chao na kwa moyo wa kujifunza. Alama za chini kabisa huenda kwa mambo mawili: idadi ya wafanyakazi, na namna hospitali inavyompokea aliyekosea. Wengi husema kosa likiripotiwa, anayeandikwa ni mtu, si tatizo. Historia ya Mombasa inaonyesha jinsi picha kama hiyo inavyoweza kutokea. Ushirikiano ni urithi wa miaka ya uhaba, woga wa lawama ni urithi wa ngazi ya vyeo, na uchache wa watu haujapata kuisha.

Tukio la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 2018 liliiweka hoja hii mbele ya taifa zima. Wagonjwa wawili walichanganywa, na asiyehitaji upasuaji wa ubongo akafunguliwa fuvu. Hatua ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa kuwasimamisha kazi wahudumu waliohusika. Madaktari wenzao walipinga, wakisema utaratibu wa kumtambua mgonjwa tangu wodini hadi chumba cha upasuaji ulipaswa kuchunguzwa kwanza. Mjadala huo uligusa kila hospitali ya umma, kwa sababu kila mhudumu aliona jinsi angetendewa yeye.

Makabidhiano ya zamu ni nyanja nyingine yenye uzito. "Ripoti", kama manesi wanavyoiita, ndipo habari za mgonjwa huhama kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Ikifanywa kando ya kitanda, kwa kutaja jina, tatizo na kinachosubiriwa, kasoro nyingi hukamatwa hapo. Ikifanywa mlangoni kwa haraka, kwa kuwa aliyekesha anawahi matatu na anayeingia amekuta wagonjwa wapya, kasoro hupita. Tangazo la Juni 2013 la uzazi bila malipo liliongeza akina mama katika wodi za umma, nalo likaongeza uzito wa kila ripoti.

Ugatuzi, migomo na mwaka 2020

Katiba ya 2010 ilikabidhi huduma za afya kwa kaunti, na kuanzia 2013 Kaunti ya Mombasa ikawa mwajiri. Uongozi ulisogea karibu, na hospitali kuu ikapata hadhi ya kufundisha na rufaa. Lakini mivutano ya mishahara na uajiri ilisogea pia. Madaktari wa umma waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, manesi wakagoma takriban miezi mitano mwaka 2017, na madaktari tena mwaka 2024. Katika migomo hii wahudumu walidai maslahi yao, na pamoja nayo vifaa na watu wa kutosha. Madai hayo mawili ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, hata kama hulipiwa na mgonjwa anayekuta milango imefungwa.

Korona ilijaribu yote hayo kwa wakati mmoja. Mei 2020 serikali ilifunga Mji wa Kale, sambamba na Eastleigh ya Nairobi, na wakazi wengi wakasita kujitokeza kupimwa wakihofia kupelekwa karantini. Hofu ya karne iliyotangulia ilirudi katika mitaa ileile. Kilichosaidia ni kile kilichosaidia wakati wa wakunga wa Lady Grigg: wahudumu wa afya wa mitaani, maimamu na viongozi wa mitaa waliozungumza na watu kwa lugha na heshima zao. Hospitalini, mavazi ya kinga yalikumbusha tena somo la sindano, kwamba mhudumu asiye salama hawezi kumlinda mgonjwa.

Historia hii inaonyesha kwamba usalama wa mgonjwa kisiwani uliimarika kila palipotimia mambo matatu: mhudumu alipokuwa na kitu cha kufanyia kazi, alipoona hatari kuwa yake na ya mgonjwa kwa pamoja, na alipoweza kuisema bila kuadhibiwa. Vifaa vimeongezeka na mafunzo yamepanuka. Jambo la tatu ndilo lililochelewa zaidi, kwa sababu linadai mwenye cheo akubali kusahihishwa na aliye chini yake. Kwa wodi zinazofundisha madaktari na manesi wa Pwani, hilo ni somo la kufunzwa kwa vitendo mbele ya kitanda, mwalimu anapomshukuru mwanafunzi aliyemzuia kukosea.